Saruji Iliyokataa Kushika

Harufu ya saruji mbichi haifanani na nyingine yoyote ninayoijua, na mimi nauza vifaa vya ujenzi, kwa hiyo pua yangu imezoea mengi. Ni kama mvua iliyoangukia jiwe la moto, kisha ikachanganyika na kitu kikavu kinachowasha koo. Watu wengi wakiisikia hukumbuka nyumba mpya. Mimi hukumbuka wiki moja ya mwezi wa saba, Tunduma, nilipokuwa darasa la tano, wiki ambayo harufu hiyo ilikaa jikoni kwetu siku sita mfululizo, imechanganyika na kitunguu, mafuta ya taa na moshi wa kuni, wakati haikupaswa kukaa hata siku mbili. Saruji ikishashika, harufu yake hupotea. Ya kwetu haikupotea, na sababu yake ilikuwa mbele ya macho ya watu wazima wasiopungua wanane, wote wana maneno mengi, na hakuna hata mmoja aliyeinama kutazama. Nimejaribu mara nyingi kuikumbuka wiki hiyo kwa furaha, kama watu wanavyokumbuka utoto wao. Nimeshindwa. Kila nikiikumbuka nachoka upya.

Jiko letu lilikuwa banda la matofali ya kuchoma nyuma ya nyumba, kwenye uchochoro unaotokea barabara kuu, ambako malori yalipanga foleni kuelekea mpakani. Mchana kutwa tulisikia injini zikinguruma bila kwenda popote. Madereva na makuli waliingia kwa mlango wa uani, wakakaa kwenye mabenchi mawili, wakala. Mama alitoka Mbozi, kwenye familia ya wakulima wa kahawa, na alipika kama mtu aliyelelewa kulisha wavunaji: sufuria kubwa, chumvi ya kutosha, hakuna madoido. Siku za kawaida ugali na maharage au kisamvu, Ijumaa wali na nyama. Baba alikuwa mtunza ghala kwenye bohari moja ya mizigo ipitayo, lakini sisi watoto wanne tulikula kutoka sufuria zile zile za wateja, na sare zetu za shule zilitoka humo humo. Hilo sikuambiwa na mtu. Nililiona mwenyewe, kwa sababu wiki ambayo mama aliugua malaria tulikunywa uji mchana na jioni.

Kando ya ukuta wa jiko kulikuwa na meza ya saruji, ndefu kama mlango uliolazwa, imejengwa juu ya nguzo mbili za matofali na mtu aliyekaa nyumba ile kabla yetu. Juu yake mama alikatia nyama, alisukumia chapati, alipangia sahani. Mtu huyo wa kwanza hakuwa mtu wa vipimo. Mchanga alizidisha, saruji akapunguza, na miaka ya visu na sufuria za moto ilikuwa imemaliza kazi. Uso wa meza ulibanduka vipande vipande, mchanga ukatoka na kuingia kwenye chakula, na nyufa zikapanuka kiasi cha kumeza njiti ya kiberiti. Mama aliziba nyufa hizo kwa sabuni ya mche, anaikandamiza kwa kidole gumba mpaka inalingana na uso. Kwa macho ilipendeza. Tatizo lilikuwa kwamba kila akimwaga maji, meza ilitoa povu.

Siku bwana afya alipokuja kukagua, povu ndilo lililomvuta. Aliinama, akachomeka mfuniko wa kalamu yake kwenye ufa mkubwa kuliko yote, akauchokonoa taratibu. Kilitoka kipande cha sabuni, mguu wa mende na punje ya wali.

"Mama, wali huu ni wa lini?"

"Wa Ijumaa," mama akajibu.

"Ijumaa ipi?"

Madereva waliokuwa kwenye benchi walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Mama hakucheka. Bwana afya aliandika kwenye daftari lake kwamba uso wa meza lazima uwe laini, usio na ufa, unaooshwa ukatakata, na kwamba atarudi baada ya wiki mbili, siku ya Jumatatu. Akikuta hali ile ile, jiko linafungwa. Hakuwa mtu mbaya na hakuomba chochote. Alikuwa sahihi, na ndiyo maana hakukuwa na namna ya kumlaumu.

Hapa ni lazima nimweleze baba. Watu wa mtaani walimwita bahili, lakini bahili huficha alichonacho, na baba hakuficha kitu. Aliumizwa tu na kuona kitu kinatupwa. Misumari iliyopinda aliinyoosha kwa nyundo na kuihifadhi kwenye makopo. Vipande vya sabuni aliviyeyusha akavifanya mche mmoja wa rangi tatu. Mama alipomwambia habari za bwana afya, alisema, "Hatununui kitu. Vitu vipo." Kule ghalani mifuko ya saruji ilipasuka kila mara wakati wa kushusha, vumbi likafagiliwa na kutupwa. Aliomba ruhusa kwa bosi wake, akapewa, na kwa wiki nzima alifagia vumbi hilo kila jioni kabla ya kufunga. Kisha akalichekecha. Alichekechea kwa chekeche cha mama.

"Baba Edina, hicho ni chekeche cha unga."

"Na hii ni unga."

"Basi ukande chapati, tuone nani atakula."

Hakusikia. Alipata saruji safi, laini, zaidi ya debe moja, na sasa alihitaji pa kuiweka. Mifuko ya karatasi ilikuwa imechanika na magunia ya katani yanavuja. Akatafuta ghala zima mpaka akapata mfuko wa sukari iliyotoka ng'ambo, mfuko wa kilo hamsini, wa nyuzi ngumu na ndani una nailoni. Sukari yake ilikuwa imelowa njiani, ikaganda, mwenye mzigo akaimwaga na kuacha mfuko. Baba aliukung'uta, akaukagua nje na ndani, akautangaza kuwa mfuko bora kuliko yote mle ghalani. Hilo ndilo linaloniudhi hadi leo. Angeokota mfuko wa kwanza aliouona, kama mtu yeyote mvivu, yasingetupata yaliyotupata. Ule aliuchagua kwa uangalifu kabisa. Saruji kidogo aliyoichekecha mwisho, mfuko ukiwa umeshafungwa, akaijaza kwenye kopo la maziwa na kulifunga.

Jumamosi alikuja fundi Simoni. Alikuwa mtu wa Itumba, mwembamba, mpole, amevaa kofia aliyojikunjia mwenyewe kwa karatasi ya mfuko wa saruji. Alieleza kwamba meza haihitaji kubomolewa. Inahitaji niru, yaani saruji tupu iliyokorogwa na maji mpaka iwe kama uji mzito, ikapakwa juu na kusuguliwa kwa mwiko wa chuma hadi ing'ae. Alifanya kazi yake kwa utaratibu ambao mimi, niliyekuwa nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, niliufuata hatua kwa hatua. Alichokonoa sabuni yote kwenye nyufa. Aligonga sehemu zilizolegea kwa tindo mpaka zikaanguka. Aliosha mafuta kwa majivu na maji ya moto mara mbili, akausugua uso kwa brashi ya waya, akaulowanisha. Mpaka hapo hakuna kosa lolote. Ningekuwa mwalimu wake ningempa alama zote.

Kisha baba akaumimina mfuko kwenye karai na kuona kwamba vumbi limebaki limeshikilia nailoni, hasa kwenye pembe za chini.

"Mzee, hiyo acha tu, hii inatosha," fundi akasema.

"Humo ndani kuna vikombe viwili vya saruji. Vipotee hivi hivi?"

Akaugeuza mfuko nje ndani, akautumbukiza kwenye ndoo ya maji ya kukorogea, akausuuza na kuukamua kama mtu anayefua shati la shule. Maji yakawa ya kijivu. Fundi akakorogea maji hayo hayo. Jirani yetu Mama Jairo, aliyekuwa akitazama kupitia uzio wa mabati, alipiga makofi. "Mume ndio huyo! Wangu mimi anamwaga hata mchuzi." Baba alijifanya hakusikia, lakini aliukamua mfuko mara ya pili. Kufikia saa tisa meza ilikuwa imepakwa, imesuguliwa, inang'aa kama mgongo wa samaki, na mama alisimama mlangoni na mikono yake mitupu, hajui aiweke wapi. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona anatabasamu tangu bwana afya aondoke. Tulibakiwa na siku tisa.

Jumapili tulipotoka kanisani niligusa pembe ya meza. Kidole kikazama. Jumatatu kikazama vile vile. Fundi alikuwa amesema siku moja, mbili kwa sababu ya baridi, na ni kweli Tunduma mwezi wa saba hupuliza upepo unaopasua midomo, kwa hiyo baba aliamua kwamba ni baridi. Akafunga dirisha. Jumanne akawasha jiko la mkaa chini ya meza. Jumatano akasema saruji ilikuwa feki kutoka kiwandani. Kila mgeni aliyeingia alielezwa habari yote tangu mwanzo, akatikisa kichwa, akabonyeza meza kwa kidole kuthibitisha, akatoa maoni yake. Mama Jairo alisema kuna mtu amepita na jicho lake, na kwa sauti aliyotumia ilikuwa wazi anamfahamu kwa jina. Mzee mmoja wa kanisani alisema tatizo ni kufanya kazi mwezi ukiwa mchanga. Dereva mmoja wa Kizambia, aliyezoea kumwita mama kwa Kibemba, alisimama mbele ya meza kwa heshima kubwa na kuuliza, "Bamayo, saruji yenu nayo inasubiri karatasi za forodha?" Benchi zima likalipuka. Mimi nilihesabu alama za vidole. Kufikia Jumatano jioni zilikuwa thelathini na moja, nyingi zikiwa za baba, kwa sababu gumba lake lilikuwa na kovu.

Muda wote huo mama alipika chini. Sufuria zilikaa juu ya matofali, nyama alikatia kwenye sinia alilopakata, chapati akaacha kabisa. Upepo wa uani ulileta vumbi hadi usawa wa sufuria. Madereva ni watu wanaokula na kuondoka, hawasemi, ila hawarudi, na kufikia katikati ya wiki benchi moja lilikuwa tupu saa saba mchana, saa ambayo kwa kawaida watu walikula wamesimama. Nilimwona mama akirudisha maharage ambayo hayajapikwa kwenye gunia. Alihesabu siku kwa vidole, akafika Jumatatu, akaanza tena kama vile jibu lingebadilika.

Alhamisi asubuhi baba alimwita fundi Simoni. Alipofika, baba hakumkaribisha kiti.

"Simoni, saruji yangu umeipeleka wapi?"

"Ipo hapo mezani, mzee."

"Hapo mezani kuna majivu. Saruji hushika."

Fundi alivua ile kofia yake ya karatasi. "Mzee, mimi nimepaka niru kutoka Itumba mpaka Vwawa, sakafu za watu wenye magari. Leo niibe vumbi ulilolifagia wewe mwenyewe?"

"Basi niambie kwa nini haishiki."

"Ningejua ningekuambia."

Ilikuwa sentensi ya kweli kuliko zote zilizosemwa wiki ile, na ndiyo iliyomponza. Pale kwetu fundi asiyejua sababu huonekana anaificha. Aliondoka bila kuaga, na kabla ya saa sita mchana uchochoro mzima ulikuwa unasema Simoni anaiba saruji za watu. Mama Jairo, ambaye Jumatatu alikuwa na hakika ya jicho, sasa alikuwa na hakika ya wizi, na hakuona kwamba hakika hizo mbili haziwezi kukaa nyumba moja.

Siku hiyo hiyo, baada ya shule, nilitumwa kuanua nguo. Ule mfuko wa sukari ulikuwa umetundikwa kwenye nguzo ya kamba, maana baba alikuwa na mipango nao. Juu ya nguzo ulipanda mstari mwembamba wa sisimizi. Waliupita mfuko wote na kwenda moja kwa moja kwenye pembe mbili za chini, kwenye mshono, wakaingia na kutoka. Nguo za pembeni hawakuzigusa. Niliminya pembe moja, nikahisi punje ngumu ndani ya mshono. Nikalamba kidole. Ulikuja utamu, halafu ukali uliounguza ulimi, nikatema na kusukutua kisimani. Simshauri mtoto yeyote afanye hivyo. Lakini nilikuwa nimepata kitu.

Sikumwambia mtu. Nilikuwa nimeona wiki nzima jinsi maneno yanavyofanya kazi nyumbani kwetu, na sikutaka kuongeza langu kwenye rundo. Nilichukua makopo matatu matupu ya nyanya, nikayakwaruza namba kwa msumari. Kwenye kila kopo niliweka vijiko vitano vya ile saruji iliyobaki kwenye kopo la maziwa, ambayo haikuwahi kuingia mfukoni. La kwanza nikalikoroga kwa maji matupu. La pili kwa maji yenye nusu kijiko cha sukari ya chai. La tatu kwa maji niliyosuuzia pembe ya mfuko. Nikayapanga nyuma ya tangi la maji, nikayafunika kwa bati. Ijumaa mchana niliporudi, kopo la kwanza lilikuwa jiwe. Niligonga kwa msumari likalia. La pili na la tatu yalikuwa uji.

Niliyapanga mbele ya mama. Alibonyeza moja baada ya jingine, akasoma namba, akasikiliza maelezo yangu yote hadi mwisho, jambo ambalo wiki ile lilikuwa geni. Baba alipokuja kula chakula cha mchana aliyakuta mezani kwake, badala ya sahani. Nikaeleza tena. Nilieleza vizuri, najua nilieleza vizuri. Alibonyeza la kwanza. Alibonyeza la pili kwa muda mrefu. Alilinusa la tatu. Kisha akayasukuma pembeni.

"Kopo si meza," akasema, akavaa kofia yake na kurudi kazini bila kula.

Nilikuwa na miaka kumi na moja na nilitaka kupiga ukuta. Nilitaka mama amfuate hadi barabarani, amshike mkono mbele ya malori yote, amwambie arudi akatazame sisimizi, kisha aende kwa Simoni akamwombe radhi mbele ya wale wale waliomsikia akimwita mwizi. Nililia kwa hasira. Mama alinitazama kana kwamba namcheleweshea kazi.

"Edina, lete jembe dogo. Na karai."

Tulikwangua. Ule uji wa kijivu ulitoka kwa matonge, na kwa saa mbili tuliubeba hadi shimo la taka, alama thelathini na moja za vidole zikiwa humo. Mama aliosha meza kwa maji ya moto, akaosha tena, akaosha mara ya tatu, akaonja maji yaliyodondoka kwa ncha ya ulimi, akasema sasa sawa. Kisha akajifunga khanga, akaenda mwenyewe hadi anakoishi fundi Simoni. Sijui alimwambia nini. Nilichoona ni kwamba walirudi pamoja, fundi akiwa na mwiko wake, na kwamba saa kumi na moja baba aliingia uani amebeba ndoo yetu ya maji, ambayo hakuna aliyemwona akiondoka nayo. Aliiweka chini na kuondoa kitambaa alichoifunikia. Ilikuwa na saruji, vumbi lililorundikana ghalani wiki nzima, limefagiliwa upya na kuchekechwa upya. "Hii hapa," akasema. Niliikagua ile ndoo. Ilikuwa imesuguliwa kwa mchanga mpaka imepoteza rangi.

Kesho yake, Jumamosi, kazi ilirudiwa tangu mwanzo. Baba alishika karai, fundi akakoroga, na hawakutazamana. Kitu pekee kilichosemwa ni pale baba alipoinama kuchukua ndoo ya maji. "Mzee, leo maji nachota mwenyewe," fundi akasema, na baba akaiachia. Meza ikapakwa, ikasuguliwa kwa mwiko, na mwishoni fundi akaisugua kwa kitako cha chupa ya soda kwa duara ndogo ndogo, kazi ya kuchosha ambayo watu wengi huiruka. Jioni ilikuwa inakataa ukucha. Tukaifunika kwa magunia yaliyolowa ili isipasuke kwa upepo. Jumapili nikagonga kwa kifundo cha kidole, nikasikia sauti ile ile ya kopo la kwanza.

Jumatatu bwana afya alikuja saa nne. Alipitisha kalamu yake juu ya meza kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, ikateleza bila kukwama. Akamwaga kikombe cha maji, akasubiri povu, halikutoka. Akainama kutazama chini ya ukingo, akapekua pembe ya ukuta. Mama alisimama na mwiko wa ugali mkononi. "Endelea, mama," akasema hatimaye, akaandika, akaongeza kwamba ndoo ya maji ya kunywa iwe na mfuniko. Hakuuliza kilichotokea. Ndani ya wiki mbili mabenchi yote yalijaa, na mama alipikia juu ya meza hiyo mpaka mimi nilipomaliza shule na wadogo zangu watatu baada yangu.

Ila baba hakuwahi kulisema kosa lake. Si kwa Simoni, si kwa mama, si kwangu. Kwa kuwa hakulisema, uchochoro haukujua, na Mama Jairo alipojenga choo alimwita fundi mwingine, kwa sababu Simoni, alisema, ni mwizi wa saruji. Simoni alikula mchana kwa mama kila alipopita Tunduma, hilo mama alilihakikisha, lakini jina lake pale kwetu halikusafika, na miaka michache baadaye alirudi kwao Itumba, Ileje, moja kwa moja. Baba ametangulia mbele ya haki. Mimi sikwenda chuo chochote. Nilichojua kuhusu ujenzi nilikisoma kwenye migongo ya mifuko, kwenye vitabu vya mnadani visivyo na majalada, na kwa mafundi niliowasumbua kwa maswali, na sasa nina duka Vwawa. Nikiwa peke yangu dukani huwa namjengea baba hoja upya, namwonyesha makopo, na kila mara ananijibu neno lile lile.

Wateja wangu wa leo hawafagii maghala. Wanakuja na simu. Wanataka meza ya jikoni iliyochakaa ionekane mpya kwa gharama ndogo na kufikia Jumapili, na simu imewaonyesha mtu wa mbali akibandika karatasi yenye sura ya marumaru kwa dakika tatu. Nawauliza kama wameondoa mafuta ya miaka kumi yaliyo chini yake, wananiona nawazuia kununua. Tuna gundi za kila aina, rangi za kila aina, vigae vyepesi kama sahani, na watu wanapika sakafuni vile vile. Mwezi uliopita mwalimu mstaafu wa Mlowo alikuja na fundi wake, kijana anayeitwa Baraka, kwa sababu vigae vya meza ya jiko la mke wake vilinyanyuka vyote siku ya pili. Mwalimu alisema Baraka amechakachua gundi. Baraka alisema gundi ya duka langu imeisha muda. Nilileta mfuko, nikawasomea tarehe, nikawauliza maswali manne, na kwa swali la nne ikajulikana kwamba vigae vilibandikwa juu ya rangi ya mafuta. Nilikuwa na jibu. Nilitaka mwalimu akiri kwamba ni yeye aliyekataza rangi isikwanguliwe ili kuokoa muda, na nilitaka akiri pale pale, mbele ya kijana. Akakataa. Waliondoka, wakarudi kesho yake na video, na kesho kutwa wakarudi na shahidi. Siku ya nne bado tulikuwa tumesimama kaunta, sauti zimepanda.

Mama sasa anaishi kwangu, na mchana hukaa mlangoni mwa duka akichambua maharage. Walipotoka kwenda kutafuta shahidi wa pili, nilikaa karibu naye, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikamuuliza. Kwa nini siku ile hakumlazimisha baba akiri? Alikuwa na makopo, alikuwa na sisimizi, alikuwa na haki yote. Simoni angebaki na jina lake.

Alitupa jiwe moja alilolikuta kwenye maharage. "La Simoni linaniuma mpaka leo," akasema. "Lakini bwana afya alikuwa anakuja Jumatatu, na siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Ningemshika baba yako aombe msamaha, ingetuchukua mwezi. Wateja ningewakatia vitunguu juu ya msamaha?"

Akaendelea kuchambua. Kisha, bila kuinua macho, akauliza, "Huyo mke wa mwalimu, leo anapikia wapi?"

Kwa siku nne nilikuwa nimeuliza kuhusu gundi, rangi, tarehe na mashahidi, na hilo sikuwa nimeuliza. Nilichukua tindo, nyundo na brashi ya waya, nikafunga duka saa nane mchana, nikapanda bodaboda kwenda Mlowo kukwangua.